Kodi ya Chumba cha Mjini Hulipwa kwa Mahindi ya Bendera

Bendera ni kata ya Wilaya ya Same, iliyo katika tambarare chini ya Milima ya Upare ya Kusini, upande wa mawio ya jua, penye barabara itokayo Same kupitia Kisiwani na Ndungu hata Mkomazi. Watu wake ni wakulima na wafugaji. Kwao maneno "upungufu wa nyumba", ambayo wakubwa wa mjini huyatumia kila mara, hayana uzito mkubwa, kwa kuwa aliye na kiwanja cha baba yake na nguvu za mikono hakosi pa kulala. Hata hivyo wako wazee katika vijiji vya namna hii ambao kila nusu mwaka hulipa kodi ya nyumba. Huilipa kwa ajili ya chumba ambacho hawajapata kukitia machoni: chumba kilichoko Manzese, au Mbagala, au Gongo la Mboto, katika jiji la Dar es Salaam, anamokaa mtoto wao aliyekwenda kutafuta kazi.

Msaada huo hauandikwi popote. Haumo katika makadirio ya Wizara ya Ardhi wala katika taarifa za mabenki. Lakini pengine ndio msaada wa nyumba ulio mkubwa kuliko yote aipatayo kijana wa mjini katika nchi hii, nao hutoka kwa watu ambao wenyewe hawana cha kuzidi. Kwa hiyo asemaye kwamba vijana wasisaidiwe kupata makao, kwani watazoea kubebwa, anasema jambo lililokwisha kupitwa na wakati. Wanasaidiwa. La kuuliza ni nani aubebaye mzigo huo, na kama ni haki aubebe yeye.

Upare una desturi yake katika jambo hili, na yafaa ielezwe kidogo kwa wale wasioijua. Kuna kazi iitwayo msaragambo, ambayo watu wa kijiji huitwa waifanye pamoja bila ujira: kuzibua mfereji, kusafisha ndiva, yaani yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kumwagilia, kulima barabara, kujenga darasa. Nyumba ya mtu mmoja haikuwa msaragambo kwa maana kamili ya neno, lakini roho yake ilikuwa ile ile. Wazee wa ukoo walimwonyesha kijana mahali pa kujenga. Rika lake wakakata miti na kukanda udongo. Mama na dada wakateka maji na kupika. Na siku ya kuezeka watu wakanywa dengelua hata jioni. Kijana hakununua nyumba wala hakupanga. Alijengewa, naye akaenda kuwajengea wenzake. Leo bati na saruji hununuliwa kwa fedha, fundi hutaka malipo yake, na ardhi ya tambarare nayo ina bei; tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi. Lakini hakuna aliyetazamiwa kuanza maisha akiwa na gharama ya nyumba mkononi.

Mjini hivyo ndivyo anavyotazamiwa.

MIEZI SITA

Tumchukue kijana wa miaka 22 aliyeshuka katika kituo cha mabasi cha Mbezi, akapata kazi ya kuuza duka Kariakoo kwa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi. Tuseme amepata chumba kimoja, kile ambacho vijana wenyewe hukiita geto, kwa kodi ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Ukiitazama hesabu hiyo mwezi kwa mwezi, mambo si mabaya sana: ni chini kidogo ya theluthi moja ya mshahara wake, na kwa kujinyima ataweza. Lakini mwenye nyumba hataki ya mwezi mmoja. Ataka ya miezi sita, nayo ni shilingi 360,000. Dalali aliyemwonyesha chumba ataka ujira wake wa kodi ya mwezi mmoja, shilingi 60,000. Jumla 420,000, zaidi ya mishahara miwili, kabla hajanunua godoro, ndoo wala jiko. Na wako wenye nyumba wadaio mwaka mzima. Kijana huyu angeweza kulipa kila mwezi mpaka mvi zimtoke, lakini hawezi kuvuka kizingiti cha mlango.

Hapo ndipo simu hupigwa Bendera. Gunia lililowekwa akiba kwa miezi ya njaa huuzwa kabla ya wakati wake, kwa bei ya mwenye shida; mbuzi hushushwa mnadani; au kipande cha shamba huwekwa rehani kwa jirani mwenye nafasi. Fedha hutumwa kwa simu, na jioni hiyo hiyo zimekwisha kuingia mkononi mwa mwenye nyumba. Miezi sita haikawii. Simu hupigwa tena.

Aliyeweza kupiga simu hiyo ana bahati. Asiye na wa kumpigia hulala na wenzake wanne katika chumba cha mmoja, au hukaa sebuleni kwa shangazi mpaka shangazi achoke, au hulala dukani kwa tajiri wake na kugeuka mlinzi wa usiku asiyelipwa. Msichana wa kazi za nyumbani, ambao wengi wao wametoka katika milima yetu, hulala katika nyumba ya bibi yake. Siku anayofukuzwa kazi ndiyo siku anayofukuzwa makao, na pengine ni saa tatu za usiku. Wako wasichana walioingia katika ndoa wasizozitaka kwa sababu ndoa ilikuwa na paa. Mambo haya yanajulikana katika kila mtaa, na watu huyasema kwa sauti ya chini.

Liko na dogo ambalo halina budi kutajwa. Tangu Agosti 1921 isidhaniwe twasema habari za mkoloni: ni Agosti 2021, kodi ya majengo ya Serikali ilipoanza kukatwa katika umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, nayo ikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anunuaye umeme ni mpangaji. Serikali ilisema wapatane wenyewe namna ya kurudishiana, nasi twamwomba msomaji atuonyeshe mpangaji wa chumba kimoja aliyepata kumdai mwenye nyumba wake shilingi elfu moja na mia tano na bado akabaki chumbani.

Kiswahili hutumia neno moja, kodi, kwa fedha za Serikali na kwa fedha za mwenye nyumba. Watu wa Upare wana historia yao na neno hilo. Kati ya 1944 na 1947 waliipinga kodi ya mbiru, wakaandamana kwa maelfu hadi Same, makao makuu ya wilaya, hata kodi hiyo ikaondolewa. Waliopinga hawakusema kwamba hawatalipa kodi yoyote. Walichokikataa ni namna ilivyokadiriwa na kutozwa. Kijana wa geto yu katika hali hiyo hiyo. Hakatai kulipa. Namna ya kulipishwa ndiyo inayomshinda.

MWENYE NYUMBA NI NANI?

Ni rahisi kumtukana mwenye nyumba, na katika kurasa za namna hii ametukanwa sana. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, sharti ambalo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwezi wa Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Yaliyotwaliwa yalikuwa majengo ya watu wenye mali, katikati ya miji, na waliokaa humo wengi walikuwa wenye kipato cha mshahara. Chumba cha Manzese hakikuguswa, wala hakikuwa na thamani ya kuguswa.

Mwenye nyumba wa kijana wetu si bwana mkubwa. Ni mstaafu, au mjane, au mama muuza samaki, mwenye ile nyumba yetu ya Kiswahili ijulikanayo pwani yote: ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye choo na mahali pa kupikia. Hakuijenga kwa mara moja. Alianza na vyumba viwili, akahamia humo bila madirisha, akaongeza kimoja, akangoja miaka, akaongeza kingine. Hakuna benki iliyomkopesha, kwa kuwa hana hati ya kiwanja wala mshahara wa kuonyesha. Fedha zake za kujengea ni zipi basi? Ni hizo kodi za miezi sita. Akipata wapangaji wawili kwa siku moja, kesho yake hununua bati, au mifuko ya saruji, au nondo za msingi wa chumba cha tatu.

Malipo ya mbele, basi, ni mkopo, tena mkopo usio na riba, ambao mpangaji humpa mwenye nyumba kwa sababu benki hazimpi. Mpangaji ndiye benki ya mwenye nyumba, na mzee wa Bendera ndiye benki ya mpangaji. Ukiifuata fedha hiyo hatua kwa hatua, utaona gunia la mahindi la Upare limegeuka kuwa bati la Mbagala; na bati hilo ni mali ya mtu wa tatu, ambaye mzee hamjui. Miji yetu imejengwa hivyo kwa sehemu kubwa, mtaa baada ya mtaa. Twaambiwa mara nyingi kwamba nchi inapungukiwa nyumba milioni tatu. Twaambiwa mara chache nani aliyelipia zilizopo.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wenzetu wadhanio kwamba amri moja itatosha. Amri ya namna hiyo ilikuwako. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 iliweka mabaraza ya kuamua kodi iliyo halali, na kumzuia mwenye nyumba asimtoe mpangaji kwa hasira. Ilimlinda aliyekwisha kuingia, hasa katika nyumba za mashirika na za katikati ya mji. Majengo mengi yakaachwa bila kutengenezwa kwa kuwa kodi haikuzaa cha kutengenezea. Na uswahilini sheria hiyo ilisikika kama radi ya mbali. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo idadi ya miezi ya kulipwa mbele imeachwa kwa mapatano ya watu wawili, mmoja akiwa na ufunguo na mwingine akiwa na begi begani.

YALIYOKWISHA KUJARIBIWA

Si kweli kwamba Taifa halikujaribu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa kwa sheria ya 1962, Uhuru ukiwa bado mchanga, nalo lilianza kwa kubomoa vibanda vya udongo na kujenga nyumba za bei nafuu katika sehemu kama Magomeni. Katika miaka ya 1970 waajiri walitozwa fungu la mishahara kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi na wakulima. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza 1973, ikakopesha, ikashindwa kurudishiwa, na ikafungwa 1995.

Jaribio lililokuwa na akili kuliko yote, kwa maoni yetu, lilikuwa lile la viwanja vilivyopimwa, lililoanza 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali haikujenga nyumba. Ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na katika miji mingine, ikapitisha barabara na maji, kisha ikamwachia mtu ajenge kwa kadiri ya uwezo wake. Apitaye Sinza leo ataona kazi ile ilivyodumu: mitaa imenyooka, gari la taka laweza kupita, nyumba ni za kudumu. Wachunguzi waliozilinganisha sehemu hizo na nyinginezo miongo kadhaa baadaye walikuta tofauti hiyo kwa vipimo. Lakini viwanja vingi viliwafikia watumishi wenye mishahara na majina, wala si wale maskini ambao mkopo uliombwa kwa ajili yao. Kati ya 2002 na 2005 mradi wa viwanja 20,000 ulirudia jambo hilo Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na kwingineko, na matokeo yake hayakuwa mbali na yale ya kwanza. Aliyekuwa na fedha siku ya kugawa fomu ndiye aliyepata.

Mwaka 2022 nyumba mpya za Magomeni Kota zilifunguliwa kwa familia 644 zilizokuwa zimeondolewa pale miaka kumi kabla, wakae kwanza bila kodi na baadaye wanunue. Lilikuwa tendo la haki kwa watu waliongoja sana. Mwaka huo huo Shirika la Nyumba lilitangaza mpango wa nyumba 5,000, likaanza na 560 za Kawe. Hizo ni za kuuza.

Na hapa yafaa kufanya hesabu, maana neno "mkopo wa nyumba" limekuwa tamu vinywani tangu sheria ya mikopo ya rehani ya 2008 na kuundwa kwa kampuni ya kuyakopesha mabenki fedha za nyumba mwaka 2010. Riba imeshuka tangu siku zile, hilo tulikubali. Lakini ingali inazunguka kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Chukua nyumba ndogo ya shilingi milioni 50, kwa riba ya asilimia 15 na muda wa miaka 15. Kila mwezi mkopaji atalipa kiasi cha shilingi 700,000. Mpaka amalize atakuwa amelipa karibu milioni 126. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000, kabla ya makato. Muuza duka wa Kariakoo hatumtaji tena. Mikopo hiyo ni mizuri kwa daktari na mhasibu wa benki, nao ni vijana wetu pia. Ila isitolewe kwenye jukwaa kama jibu kwa vijana wote.

Wengine duniani wamekwenda njia zao. Kenya, kwa sheria ya Machi 2024, humkata kila mwenye mshahara asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho, zijengwe nyumba za bei nafuu. Wakatwao ni wengi mno kuliko watakaopata ufunguo. Ethiopia ilianza majengo makubwa ya ghorofa karibu 2005 na kuyagawa kwa bahati nasibu, na wako waliongoja kura yao zaidi ya miaka kumi. Hispania mwaka 2022 ilianza kumpa kijana wa miaka 18 hadi 35 mwenye kipato kidogo yuro 250 kila mwezi kwa kodi, kwa miaka miwili. Wapinzani wakasema kwamba fedha hizo zitaishia kwa wenye nyumba, ambao watapandisha kodi. Onyo hilo lina maana hata kwetu. Ukimwongezea mpangaji fedha bila kuongeza vyumba, umemwongezea mwenye nyumba.

Wako pia wasemao kwamba dawa ni kijana abaki Bendera alime. Usemi huo ni wa zamani. Mwaka 1983, chini ya jina la Nguvu Kazi, watu wasio na kazi walikusanywa Dar es Salaam na kupelekwa mashambani, na wengi wao walirudi upesi. Sensa ya 1967 iliukuta mji huo na watu 272,821. Ile ya 2022 ikaukuta mkoa wake na watu 5,383,728. Hao hawatarudishwa kwa lori. Na barabara, maji na soko la uhakika vya Bendera vyafaa kupatikana kwa sababu ni haki ya watu wa Bendera, wala si kama chambo cha kuwazuia watoto wao.

KIZINGITI KISHUSHWE

Ikiwa maelezo yetu ni sahihi, kwamba malipo ya mbele ni mkopo wa ujenzi uliojificha ndani ya kodi, basi kazi ni kuutoa mkopo huo mgongoni mwa kijana na kumpa mwenye nyumba mahali pengine pa kukopa. Mambo mawili haya hayana budi kwenda pamoja. Moja bila jingine halifai kitu.

Kwa mwenye nyumba: umekwisha kuanzishwa mfuko wa mikopo midogo ya nyumba, wa kuzikopesha taasisi ndogo za fedha ili nazo zimkopeshe mtu wa kuongeza chumba au kuezeka. Mikopo ya namna hiyo ifike kwa mama wa vyumba vitatu, kwa leseni ya makazi tu, bila kumdai hati ambayo hana, na sharti lake liwe jepesi: vyumba vilivyojengwa kwa mkopo huo vipangishwe kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja. Zamani alikuwa na udhuru wa haki, kwamba kumfuata mpangaji kila mwezi ni kazi, na fedha humponyoka mkononi. Udhuru huo umepungua tangu fedha zilipoanza kutembea kwa simu. Fedha ile ile iliyotoka Bendera jioni yaweza kutoka chumba cha pili tarehe mosi. Kisha sheria iweke kikomo, tuseme miezi mitatu kwa aingiaye, na mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ambaye muhuri wake hata sasa hutafutwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kwa kijana: halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya biashara na kazi za mikono, nayo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu kabla ya kuanzishwa upya mwaka 2024. Twauliza: kwa nini pasiwe na fungu dogo ndani yake kwa ajili ya kodi ya kuanzia? Anayeomba cherehani hukopeshwa. Anayeomba chumba cha kuiweka cherehani hiyo hakopeshwi. Fedha zisipite mikononi mwake, zilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba aliyeandikishwa mtaani, naye azirudishe kidogo kidogo kila mwezi. Shilingi bilioni moja, kwa kodi ya 360,000, ingewavusha vijana zaidi ya 2,700 kwa mkupuo mmoja, na fedha hizo zikirudi zingewavusha wengine mwaka huo huo. Katika jiji la watu milioni tano si wengi. Lakini ni shule kadhaa zilizojaa vijana wasiopiga simu nyumbani.

Kuna watakaosema kwamba watu wasio na kitu hawarudishi mikopo. Waende Chamazi. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa maelfu ya watu Kurasini, miaka ya 2007 na 2008, baadhi yao, wapangaji wakiwa miongoni mwao, waliokuwa wakiweka akiba ndogo ndogo katika vikundi vilivyoongozwa na wanawake, walinunua ekari 30 huko Chamazi, wakaunda chama chao cha ushirika wa nyumba, wakafyatua matofali wenyewe na kujenga hatua kwa hatua. Haikuwa rahisi, na haikuwa upesi. Kazi ile, mtu wa Upare angeitambua mara moja bila kufasiriwa. Lililokosekana mjini siku zote ni ardhi ambayo ukoo humwonyesha kijana. Shirika la Nyumba na halmashauri ndizo zenye kuweza kuwa ukoo huo, kwa kuvipa vyama vya namna hii viwanja vilivyopimwa, na kwa kujenga vyumba vya kupangisha, si nyumba za kuuza tu. Kijana wa miaka 22 hahitaji kumiliki jengo. Ahitaji mahali ambapo hatatolewa usiku, kwa kodi anayoiweza, kwa miaka michache, mpaka ajue kama mji unamtaka.

Yote hayo yatataka vikao, na vikao vitataka muda. Liko moja ambalo wafanyakazi wasomao gazeti hili wanaweza kulifanya bila kumngoja mtu. Vyama vya wafanyakazi hufunga na waajiri mikataba ya hali bora, na katika mikataba hiyo huwekwa mambo ya likizo, matibabu, mazishi na nauli. Si vigumu kuongeza kifungu kimoja: mfanyakazi mpya, akishathibitishwa kazini, akopeshwe na mwajiri kodi yake ya kwanza bila riba, akatwe kwa miezi kumi. Kwa mwajiri wa watu mia moja si fedha za kumfilisi, na apataye mfanyakazi aliyelala vizuri hatalia hasara. Mahali penye SACCOS kazini, chama hicho chaweza kufanya hivyo hata kabla mwajiri hajakubali. Kifungu hicho kiandikwe sasa, kabla ya majadiliano yajayo ya mishahara, na kipelekwe mezani pamoja na madai mengine.